Mtihani wa leseni: Kukariri majibu hakumfai daktari wala mgonjwa

IWAPO una mwana, ndugu au jirani aliyerejea nchini na shahada ya udaktari kutoka ng'ambo, huenda umeona taa ya chumba chake ikiwaka hadi saa nane za usiku. Shahada anayo, na picha ya mahafali imekwisha kutundikwa ukutani, lakini hajaruhusiwa kumtibu mtu. Ni sharti kwanza apite mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), ndipo apelekwe hospitalini kuwa daktari mwanagenzi. Wanaonuia kwenda Marekani nao wana mlima wao, mtihani uitwao USMLE, ambao sehemu yake ya kwanza hupima masomo ya msingi, fiziolojia ikiwemo. Tangu Januari 2022 matokeo ya sehemu hiyo husema tu kama mtu amefaulu au ameanguka, bila alama.

Fiziolojia ni elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Majina ya mifupa unaweza kuyakariri kama vituo vya matatu kutoka mjini hadi Kawangware. Fiziolojia haikubali hivyo, kwa sababu ukigusa mapafu umegusa figo, na ukigusa figo umegusa moyo. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kukisoma kitabu mara nne, akakipigia mistari ya rangi zote, kisha akaduwaa mbele ya swali la kwanza.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti uliowapima wanafunzi kwa njia mbili. Baadhi walisoma makala na kuyarudia tena na tena. Wengine walisoma kisha wakajipima kwa kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, wakashinda wale waliojipima. Mtihani wa leseni haufanywi dakika tano baada ya kufunga kitabu.

Jaribu swali hili, msomaji, hata kama hujawahi kuvaa koti jeupe. Kijana wa Mombasa anapanda hadi Iten, yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kufanya mazoezi ya mbio. Siku ya kwanza anahema hata akiwa ameketi. Kwa nini?

Wengi watajibu kwamba huko juu hewa ina asilimia ndogo ya oksijeni. Hilo ndilo jibu la mtego. Oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, Mombasa na Iten sawia. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yenyewe, hivyo oksijeni inasukumwa kwa nguvu kidogo kutoka mapafuni kuingia katika damu. Vipimo vidogo vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo vinatambua upungufu huo na kuuarifu ubongo, naye kijana anaanza kuhema. Lakini kuhema kuna gharama yake: kabonidayoksaidi inatoka kwa wingi, na damu inapungukiwa na asidi. Hapo figo zinaingia kazini, na kwa siku kadhaa zinatoa bikaboneti katika mkojo ili kurejesha usawa. Figo hizo hizo hutoa homoni inayoamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, kazi ambayo huchukua wiki kadhaa.

Swali ni moja, lakini limepita mapafuni, shingoni, kwenye ubongo, figo na uboho. Aliyekariri kwamba "jibu ni C" hana lolote siku mtahini atakapouliza kuhusu figo badala ya mapafu. Kuna karatasi za maswali ya zamani zinazouzwa zikiwa na majibu, na si ajabu baadhi ya majibu hayo yakawa ya makosa. Anayezimeza anajidanganya kwa pesa zake mwenyewe.

Njia iliyo bora ni ya taratibu zaidi. Funika majibu, uandike lako kwanza. Kisha eleza kwa maneno yako kwa nini kila jibu lililobaki si sahihi; hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi hukimbia. Swali lililokushinda lirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Changanya moyo, figo na homoni katika kikao kimoja, kwa kuwa mgonjwa haji na kichwa cha sura kwenye paji la uso. Halafu lala. Ubongo huyapanga uliyojifunza ukiwa usingizini, na kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni hasara tupu.

Utauliza, haya yanakuhusu nini wewe usiye daktari? Chukua swali jingine. Mtoto anaharisha sana, na mama anampa maji matupu. Kwa nini ni heri maji yenye chumvi na sukari? Katika utumbo mwembamba kuna mlango unaopitisha sodiamu ya chumvi pamoja na sukari ya glukosi, na maji hufuata nyuma. Hata kipindupindu kinapoumwaga mwili, mlango huo hubaki wazi. Ndiyo maana kipimo cha nyumbani ni vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Ukizidisha sukari kwa huruma, maji yatavutwa kurudi utumboni na kuhara kutazidi. Mwanagenzi anayeielewa sababu hatasahau kumwonya mama asizidishe, hata saa tisa za usiku wadi ikiwa imejaa. Na mtoto aliyelegea, macho yamezama, au asiyeweza kunywa, akimbizwe hospitalini mara moja.

La mwisho ujaribu mwenyewe kabla ya kusoma jibu. Mtu ametoa damu kwa hiari, kisha anasimama ghafla na moyo wake unaenda mbio. Sababu ni nini?

Jibu: Akisimama, damu hutuama miguuni, na kiasi kinachorudi kwenye moyo hupungua. Vipimo vya shinikizo vilivyo shingoni na kwenye mshipa mkuu karibu na moyo huuarifu ubongo, nao huuharakisha moyo na kuibana mishipa. Ndiyo sababu huambiwa upumzike na unywe kitu kabla ya kuondoka.