Mbwa katika Nyumba ya Lugha Nyingi

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro nchini Uganda, yaliyoanzishwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ambayo leo yamewakusanya Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na wengineo, si ajabu nyumba moja ikawa na baba anenaye Kiswahili, bibi anenaye Kinyarwanda, na watoto ambao, kwa kucheza na wenzao wenyeji na kutumwa sokoni Rwekubo, wamezoea Kinyankole. Basi mbwa afugwaye hapo huitwa na huyu kwa njoo, na huyu kwa ngwino, na yule kwa ija, na akisitasita hupigwa kwa kudhaniwa mkaidi. Hana ukaidi huyo, ila hakufundishwa.

Kwa hiyo mafunzo huanza kwa wenye nyumba kuketi na kukata shauri: neno moja la kumwita, moja la kumketisha, moja la kumkataza, nao wote, hata mtoto mdogo, watumie hilo hilo kwa sauti ile ile. Lugha ni hiari yao, maana mbwa hushika mlio wa neno na jambo lifuatalo. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, alibainisha kwamba mbwa hutokwa na mate kabla hajakiona chakula, maadamu amesikia sauti aliyozoea kuisikia kabla ya kulishwa.

Ukitaka kumketisha, mshikie kipande cha mukene, yaani dagaa, mbele ya pua, kisha kipandishe polepole juu ya kichwa kuelekea masikioni. Atakapoinua uso kukifuata, makalio yatashuka yenyewe, na hapo ndipo utamke neno lako, umpe na kumsifu papo hapo, kwani ijara ikichelewa hata kidogo, yeye huihesabu kuwa ni ya tendo jingine alilolifanya baadaye. Kipande kiwe kidogo kama ukucha, nacho kitolewe katika chakula chake mwenyewe cha jioni, kisipunguze posho ya watoto. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zatosha, kabla hajashiba wala kuchoka.

Fimbo sioni faida yake. Mbwa apigwaye saa moja baada ya kosa halijui kosa lake. Na yule aitwaye, akaja kwa utii, kisha akapigwa, amefundishwa na bwana wake mwenyewe kwamba kuitikia wito ni hatari. Akikuuma mkono katika mchezo, uondoe mkono na mchezo ukome. Na atimizapo miezi 3 apelekwe kwa daktari wa mifugo kuchanjwa kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikishamdhihirikia mtu, aghalabu hapana tena dawa.

Jirani zetu Waislamu, hususan Wasomali wafuatao madhehebu ya Imamu Shafii, hujiepusha na mate ya mbwa kwa ajili ya najisi, na jambo hilo lastahiki heshima. Kwa hiyo mbwa afundishwe mapema kutomrukia mgeni. Walakini wao pia wajua kwamba sura ya Al-Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, na mafakihi wa madhehebu hayo wakaweka masharti kwamba atumwapo aende, azuiwapo azuilike, na akamatapo asile. Hapana mwalimu wa leo aliyenionyesha kipimo cha utii kilicho bora kuliko hicho.

Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Francis Okello Oloya, aliyepofushwa utotoni na bomu, aliasisi Comfort Dog Project, ambapo watu waliojeruhiwa nyoyo na vita hukabidhiwa mbwa na kuelekezwa namna ya kuwafunza kwa upole, wakapata faraja katika kazi hiyo. Ningefurahi mno kuona darasa kama lile likifunguliwa Nakivale, ambako wengi walifika kutoka Kivu na Ituri, nchini Kongo, wakiwa na majeraha ya namna hiyo hiyo, na mbwa hawakosekani.