Rekodi za nanga ya Wahaya

Rekodi za nanga ya Wahaya ni santuri, tepu, kaseti na mafaili ya sauti yanayohifadhi uimbaji wa kimapokeo wa Wahaya, wenyeji wa upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Nanga inayozungumzwa hapa (kwa Kihaya enanga) haina uhusiano na nanga ya meli. Ni ala ya nyuzi, na ndugu zake ni enanga ya Wanyankole wa Uganda na inanga ya Rwanda na Burundi.

Ala na kinachoimbwa

Nanga huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, kikapewa umbo la sinia refu lenye kina kidogo. Uzi mmoja hupitishwa kwenye mapengo ya ncha zote mbili, ukienda na kurudi, hata ukawa kama nyuzi saba au nane. Zamani uzi ulitokana na mishipa ya ng'ombe. Baadaye nailoni ikashika nafasi yake. Mpigaji huketi, hukwanyua nyuzi kwa vidole na kuimba yeye mwenyewe.

Zipo nyimbo fupi za nanga, lakini sifa yake kubwa ni tendi, yaani masimulizi marefu ya mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Mwaka 1970 mtaalamu Ruth Finnegan aliandika kwamba utendi si utanzu wa kawaida katika Afrika. Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenyewe mzaliwa wa Kagera, alijibu kwa tasnifu yake ya uzamivu ya 1986 kuhusu tendi za nanga za Wahaya. Mmarekani Peter Seitel naye alichapa mwaka 1999 kitabu juu ya fasihi simulizi ya Wahaya. Kazi za namna hii hutegemea kinasa sauti. Mpiga nanga hasomi maandishi. Kila akiimba huongeza hapa na kupunguza pale, na asiporekodiwa, utendi wa usiku ule hauwezi kurudiwa kama ulivyokuwa.

Wapiga nanga wengi walipata heshima na riziki katika ikulu za wafalme wa Kihaya, kama za Kiziba, Ihangiro na Kianja. Utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, mlezi mkuu wa sanaa hiyo aliondoka. Ikabaki kwenye harusi, vilabu vya rubisi na nyumba za watu.

Santuri za Hugh Tracey

Rekodi za zamani zinazojulikana zaidi ni za Hugh Tracey (1903–1977), Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini. Mwaka 1950 alizunguka Afrika Mashariki kwa gari akiwa na mitambo ya kurekodia, na miongoni mwa makabila aliyorekodi Tanganyika ni Wahaya. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Makhanda. Mfululizo wake wa santuri ulifika 210.

Rekodi hizi zina kasoro moja ambayo msikilizaji sharti aijue. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulichukua takriban dakika tatu tu. Utendi wa kujaza jioni nzima haukuweza kuingia humo, kwa hiyo kilichobaki mara nyingi ni kipande. Anayeihukumu nanga kwa santuri peke yake ni kama aliyesoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Katika ziara hiyohiyo ya 1950 Tracey alirekodi kwa Wakipsigis wa Kenya wimbo unaoitwa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers kwa matamshi ya Kikipsigis. Rodgers (1897–1933) alikuwa mwimbaji wa Marekani, mmoja wa waasisi wa muziki wa kantri, na santuri zake zilikuwa zimefika vijijini humo kwa gramafoni. Kwa hiyo santuri ya wakulima wa Marekani ilizaa wimbo wa Kiafrika, nao ukaingia katika santuri nyingine. Miaka ya 2010 wahifadhi wa maktaba ya Tracey walianza kurudisha nakala za rekodi zake kwa jamii zilikotoka, na Wakipsigis walipelekewa Chemirocha.

Kaseti, unyevu na simu

Kaseti ilimwezesha mtu wa kawaida kurekodi bila studio: radio kaseti moja na betri zilitosha. Nakala zilipita kwa jirani, kwa shemeji, kwa mtoto aliyekwenda kufanya kazi Mwanza au Dar es Salaam. Lakini kila nakala iliyotolewa kwenye nakala iliongeza mvumo, na sauti ya uzi wa nanga, iliyo ndogo tangu asili, ndiyo hufifia kwanza.

Hali ya hewa nayo ni adui. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Katika kata kama Kitendaguro, ndani ya Manispaa ya Bukoba, kaseti iliyowekwa kabatini bila kutumiwa huweza kuota ukungu, na utepe ukashikana. Kaseti ya namna hiyo isilazimishwe kuzunguka kwenye redio, huchanika. Hukaushwa taratibu mahali penye hewa, huzungushwa kwa mkono, ndipo hunakiliwa mara moja katika faili la WAV. Faili la MP3 linafaa kusikilizia, wala si la kuhifadhi, kwa sababu hupunguza sehemu ya sauti ili kuwa dogo.

Kwa simu, wimbo hufika kwa watu wengi kwa dakika moja, ila mara nyingi hufika bila jina la mpigaji, kijiji wala mwaka. Tracey aliandika kadi kwa kila rekodi. Faili la simu huitwa tu kwa tarakimu. Anayerekodi mpiga nanga leo hutatua hilo kwa kutamka habari hizo mwanzoni mwa rekodi yenyewe, ambako haziwezi kutenganishwa na wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua pia mtumbuizaji, hivyo jina lake lina maana hata kwa malipo.

Nyimbo za Kihaya zilizosambaa kuliko zote hazikuwa za nanga. Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba vijijini, alitoa albamu ya Maria Salome mwaka 2001, akaimba Kihaya kwa ngoma, na nchi nzima ikamsikiliza. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitumia wimbo huo katika Salome.