Zahabu kwenye mukono wa dereva

Kuanzia mwaka 1971, kampuni Heuer ya Uswisi ilisaidia timu ya Ferrari kwa feza. Jack Heuer alipatia madereva wake, kama Clay Regazzoni na Jacky Ickx, saa Carrera ya zahabu, karati 18, yenye kupima muda wa mbio. Mugongoni mwa saa waliandika jina la dereva na grupe ya damu yake. Motokari ikipinduka, munganga anasoma tu. Siye wa shimoni tunaelewa hiyo mbio. Ni wangapi kwetu wanajua grupe yao?

Leo watajiri wanazitafuta sana. Karati 18 ni sehemu 18 za zahabu kwa 24, lakini mizani haiweke beyi. Ni lile jina, na mugongo ambao haujasuguliwa. Ukisugua, maandiko yanaisha na beyi inaanguka.

Tena, tarehe 26 Oktoba 2017, kule New York, Rolex Daytona ya Paul Newman, mucheza filme na dereva, iliuzwa zaidi ya dola milioni 17. Ile ilikuwa ya chuma! Na siye wanatupimia vumbi ya zahabu kwa gramu, tena kwa mizani yao.

Mutu akikuletea "Heuer ya Ferrari" sokoni kwa dola 50, umucheke tu.