AMANA YA MPANGAJI NYUMBA INAPOUZWA
Maelezo kwa wananchi na watumishi wa Serikali

Nyumba inapouzwa huku mpangaji yumo ndani, muuzaji na mnunuzi hukaa wakapatana bei, na mtu wa tatu ambaye fedha zake zimo katika nyumba hiyo mara nyingi hana habari. Huyo ni mpangaji. Siku aliyoingia alilipa kodi ya miezi kadhaa ya mbele, na juu yake akaweka amana, ambayo wengi huiita dipoziti. Siku ya kuhama anapoidai, mnunuzi humwambia kuwa hakupokea kitu kutoka kwake. Akimwendea muuzaji, huambiwa kuwa nyumba si yake tena. Fedha zilizowekwa kwa uaminifu huwa hazina mwenye kuzijibia.

Maelezo haya yanakusudia kubainisha wajibu wa kila mmoja wa watu hao watatu. Yanawahusu wakaazi wote, na kwa namna ya pekee watumishi wa Serikali ambao kwa sababu ya uhamisho baina ya Unguja na Pemba hulazimika kupanga na kuhama, pamoja na wale wanaonunua nyumba kwa akiba yao na kuikuta tayari ina mtu.

Amana si kodi

Jambo la kwanza linalopaswa kufahamika ni tofauti iliyopo baina ya amana na kodi ya mbele. Kodi ya mbele ni malipo ya makaazi ya miezi ijayo. Kila mwezi unapopita, sehemu yake huwa haki ya mwenye nyumba. Amana haipungui kwa kupita miezi. Ni fedha aliyoiweka mpangaji kuwa kinga dhidi ya deni la kodi, bili zisizolipwa au uharibifu wa mali. Ikiwa hakuna kati ya hayo siku ya kuhama, hurejeshwa yote. Uchakavu wa kawaida, kama vile rangi kufifia ukutani au sakafu kulika kwa kukanyagwa, si uharibifu wa kukatiwa amana, ila kama mkataba umesema vyenginevyo.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayeishika amana anashika deni. Kuuza nyumba hakumfutii deni hilo, kama ambavyo kuuza duka hakumfutii mfanyabiashara madeni aliyokopa.

Mauzo hayavunji upangaji

Jambo la pili ni kuwa mnunuzi wa nyumba iliyopangishwa hununua nyumba pamoja na mkataba uliomo. Kanuni hii si ngeni kwa watu wa visiwa vyetu. Katika madhehebu ya Shafi, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza ndani ya kitabu chake Minhaj at-Talibin kuwa kitu kilichokodishwa chaweza kuuzwa kwa mtu mwengine asiyekuwa mpangaji, na ukodishaji hautanguki kwa mauzo hayo.

Sheria zilizoandikwa nazo zimeelekea huko huko. Sheria ya Uhaulishaji Mali ya India ya mwaka 1882, ambayo Kenya iliitumia hadi ilipofutwa mwaka 2012, ilieleza katika kifungu chake cha 109 mambo matatu yenye manufaa kwa maelezo haya. Kwanza, mnunuzi hupata haki zote za muuzaji juu ya nyumba iliyopangishwa, na mpangaji akichagua hivyo, hubeba na wajibu wake. Pili, muuzaji haondokewi na wajibu uliomo katika mkataba kwa sababu tu ya kuhaulisha nyumba. Tatu, mpangaji asiyekuwa na sababu ya kujua kuwa nyumba imehaulishwa, akamlipa kodi mwenye nyumba wa zamani, halazimiki kuilipa mara ya pili kwa mnunuzi.

Je, amana huifuata nyumba?

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Mtu aweza kudhani kuwa, kwa vile mkataba huifuata nyumba, amana nayo huifuata yenyewe. Sivyo daima. Mfano unaojulikana sana ulitoka Hong Kong. Kampuni moja ilipanga jengo na kuweka amana kwa mwenye jengo. Haki za mwenye jengo zikahaulishwa kwa benki iliyomkopesha, kisha yeye mwenyewe akafilisika. Mpangaji akaidai benki. Shauri lilifika hadi Baraza la Faragha mjini London, na uamuzi wake, uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1987, ulikuwa kwamba ahadi ya kurejesha amana ni ahadi ya mtu binafsi aliyeipokea, wala haiambatani na ardhi. Mpangaji alibaki na madai dhidi ya mtu asiyekuwa na kitu.

Baadhi ya nchi zimetunga sheria ili kuziba pengo hilo. Ujerumani, tangu tarehe 1 Septemba, 2001, mnunuzi huingia moja kwa moja katika wajibu wa kurejesha amana, hata kama muuzaji hakumkabidhi. Na mpangaji akishindwa kuipata kwa mnunuzi, muuzaji hubaki na wajibu wa kuilipa. Uingereza nayo, kwa Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004 iliyoanza kutumika katika jambo hili tarehe 6 Aprili, 2007, amana za upangaji wa kawaida wa makaazi hupaswa kuhifadhiwa chini ya mpango ulioidhinishwa, na mwenye nyumba anayekiuka aweza kuamriwa kulipa kuanzia mara moja hadi mara tatu ya kiasi cha amana, juu ya kuirejesha.

Funzo linalopatikana ni moja: pasipokuwa na maandishi yanayomtaja mwenye kuishika amana baada ya mauzo, mpangaji asiridhike kwa kudhani tu, na mnunuzi naye asidhani kuwa hayamhusu.

Wajibu wa muuzaji

Muuzaji anapaswa kumweleza mnunuzi, kabla ya bei kukatwa, kuwa nyumba ina mpangaji, mkataba wake unakwisha lini, kodi yake ni kiasi gani, imelipwa hadi tarehe gani, na amana iliyowekwa ni shilingi ngapi. Amkabidhi nakala ya mkataba na stakabadhi. Kisha achague moja kati ya njia mbili: kumrejeshea mpangaji amana yake ili aiweke upya kwa mnunuzi, au kuikabidhi kwa mnunuzi kwa maandishi. Akichagua njia ya pili, mpangaji ashirikishwe na atie saini, kwani mdaiwa hawezi kumhamishia mtu mwengine deni lake bila ya ridhaa ya anayemdai.

Wajibu wa mnunuzi

Mnunuzi asitosheke na maneno ya dalali. Aende mwenyewe, abishe hodi, amwulize mpangaji kwa heshima alilipa nini na lini, na aone stakabadhi. Hati ya mauzo hueleza mipaka, bei na majina, na mara nyingi haiitaji amana kabisa. Hivyo amwombe wakili wake aiongeze. Amana hiyo ipunguzwe katika bei, ama ikabidhiwe taslimu mbele ya mashahidi. Baada ya kukamilisha ununuzi, ampelekee mpangaji barua yenye jina lake, anwani yake, tarehe aliyoimiliki nyumba, mahali pa kulipia kodi, na maneno ya wazi kuwa amana ya kiasi fulani sasa iko mikononi mwake.

Wajibu wa mpangaji

Mpangaji atunze mkataba na kila stakabadhi, na ahakikishe kuwa stakabadhi inatenganisha amana na kodi. Akisikia kuwa nyumba imeuzwa, asiwe na haraka ya kumlipa yeyote anayejitokeza na kujiita mwenye nyumba. Aombe barua ya mwenye nyumba wa zamani inayomtambulisha mpya. Aidha, asiache kulipa kodi kwa hoja kuwa amana yake itafidia, maana kwa kufanya hivyo yeye ndiye atakayekuwa amevunja mkataba.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano. Nyumba imepangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Tarehe 1 Januari mpangaji amelipa kodi ya miezi sita, yaani shilingi 1,200,000, pamoja na amana ya miezi miwili, shilingi 400,000. Tarehe 1 Aprili nyumba inauzwa kwa shilingi 60,000,000.

Muuzaji amekwishapokea kodi ya Aprili, Mei na Juni, jumla shilingi 600,000, ilhali miezi hiyo nyumba ni ya mnunuzi. Vilevile anashika amana ya shilingi 400,000 ambayo mnunuzi ndiye atakayedaiwa. Kwa hiyo, wakikubaliana kuhesabiana hivyo, mnunuzi hukata shilingi 1,000,000 na kulipa shilingi 59,000,000. Mpangaji hadaiwi kodi nyengine hadi mwisho wa Juni. Akihama tarehe 30 Juni na ikaonekana kioo cha dirisha kimevunjwa kwa uzembe wake, na kukitengeneza kumegharimu shilingi 50,000, mnunuzi humwonesha stakabadhi ya fundi na kumrejeshea shilingi 350,000.

Hesabu hii haihitaji zaidi ya karatasi moja. Iandikwe katika nakala tatu, isainiwe na muuzaji, mnunuzi na mpangaji, na ishuhudiwe na mashahidi wawili. Na si vibaya Sheha wa Shehia akawa mmoja wao. Iambatanishwe na orodha fupi ya hali ya nyumba siku hiyo: milango, madirisha, mabomba, taa na usomaji wa mita ya umeme, ili mpangaji asije akatozwa kwa ubovu uliokuwepo kabla, wala mnunuzi asije akabeba gharama isiyokuwa yake.

Pindi kukitokea hitilafu, ni vyema wahusika waanze kwa kukutana wote watatu pamoja, kwani kumwendea mmoja mmoja ndiko kunakozaa kurushiana mpira. Ikishindikana, mwenye stakabadhi na barua atakuwa na la kuonesha mbele ya mahakama. Asiyekuwa nazo atakuwa na maneno yake tu.

Kwa kumalizia, wananchi wanaotarajia kununua nyumba zenye wapangaji wanakumbushwa kuuliza suali moja kabla ya kutoa fedha: amana ya mpangaji iko wapi? Mnunuzi anayelipatia jawabu kwa maandishi atakuwa amejikinga na deni asilolitarajia, na amemkinga mpangaji, ambaye kwake fedha hiyo mara nyingi ndiyo ya kuingilia nyumba ya pili.