Usiku Mmoja Nje ya Ukuta wa Rothenburg

Rothenburg ob der Tauber ni mji wa watu wapatao 11,000 katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Ukuta wa mawe bado umeuzunguka, na malango yake yalijengwa kwa ajili ya mikokoteni ya farasi. Gari-nyumba la siku hizi, lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, lina urefu wa mita sita au saba na kimo kinachokaribia mita tatu. Kulipitisha katika malango hayo ni kutafuta ugomvi na kuta. Mji umelitatua jambo hili kwa busara: umetenga viwanja nje ya ukuta, P2 na P3, ambako magari haya hulala kwa malipo, na wenye nayo huingia mjini kwa miguu.

Kwa msomaji aliyeko Ulaya anayefikiria kukodi gari la namna hii, jambo la kwanza la kuelewa ni uzito. Leseni ya kawaida ya daraja B inaruhusu gari lisilozidi kilo 3,500 pamoja na kila kilichomo, na kiasi hicho hujaa upesi kuliko watu wanavyodhani. Uzito unaoandikwa kwenye hati za gari huwa umeshamhesabu dereva wa kilo 75 na mafuta, lakini watengenezaji wengi huhesabu maji lita 20 tu, ilhali tangi linaweza kubeba lita 100. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukilijaza tangi nyumbani umeongeza kilo 80 kabla hata abiria wa kwanza hajapanda na mzigo wake. Gari lililozidi uzito huchelewa kusimama ukikanyaga breki, na polisi wakilipima utalipa faini. Ondoka na maji kidogo, ujaze utakapofika.

Umeme hauna tabu kwa usiku mmoja. Betri ya ndani ni ya volti 12, na ile ya risasi yenye ampea-saa 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa unataka idumu. Unabaki na wati-saa 600 hivi. Hizo zinatosha taa, pampu ya maji na kuchaji simu hadi asubuhi, lakini birika la umeme la wati 2,000 lingezimaliza kwa dakika 18. Chai ichemshwe kwa gesi, na jokofu, kama ni la aina inayokubali gesi, nalo lihamishiwe kwenye gesi gari linapoegeshwa.

Suala la maji machafu ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu hapo ndipo wageni huwakosea wenyeji. Maji ya kuoga na kuoshea vyombo hukusanyika katika tangi chini ya gari. Choo kina kasha lake, la lita 17 hadi 20 hivi, linalochomolewa kwa nje. Ndani yake hutiwa dawa ya kuzuia harufu, na dawa nyingi za aina hiyo huua vijidudu, wakiwemo wale ambao mitambo ya kusafisha majitaka huwategemea. Kulimwaga kwenye mfereji wa mvua barabarani ni hatari zaidi, maana mara nyingi maji ya mfereji huo huishia mtoni bila kusafishwa, na chini ya kilima cha Rothenburg unapita mto Tauber. Kwa hiyo kasha humwagwa pale palipotengwa tu, hata kama foleni ni ndefu.

Sheria ya Ujerumani nayo inatenganisha kupumzika na kupiga kambi. Dereva aliyechoka anaruhusiwa kulala ndani ya gari lake kwenye maegesho ya umma, pasipo kibao cha kukataza, hadi apate nguvu za kuendelea. Akitoa viti na meza na kufungua turubai, hapo ameshapiga kambi.

Lakini kwa nini ulale Rothenburg? Mchana mji huu hujaa watu wanaoshushwa na mabasi, wakapiga picha palepale panapopigwa na kila mtu, kisha wakaondoka. Jioni njia hufunguka, na unaweza kupanda juu ya ukuta na kutembea chini ya paa lake la mbao ukisoma mji polepole. Mwaka 1274 mfalme Rudolf wa Habsburg aliupa hadhi ya mji huru, usiotawaliwa na mwingine ila mtawala mkuu wa himaya ya wakati huo. Ulitajirika, ukajenga kanisa la Mtakatifu Jakob, ambamo mna madhabahu ya mbao ya mchongaji Tilman Riemenschneider, yanayostahili safari peke yake. Mwaka 1631, katika Vita vya Miaka Thelathini, jeshi la jenerali Tilly liliuteka. Ukafukarika, na ufukara huo ndio uliouhifadhi: hapakuwa na fedha za kubomoa nyumba za kale na kujenga mpya.

Tarehe 31 Machi 1945 mabomu ya Wamarekani yaliua karibu watu 40 na kuharibu nyumba karibu 300, hasa upande wa mashariki, pamoja na sehemu ya ukuta. Ukuta ulijengwa upya kwa michango kutoka nchi nyingi, na majina ya waliochangia yamechongwa kwenye vibao vya mawe ukutani. Ninawasihi wageni wavisome. Vinaonyesha kwamba sehemu ya kile tunachokiita cha kale ni kazi ya watu waliokataa kipotee.

Fika alasiri kanisa likiwa bado wazi, kula chakula cha jioni kwa mwenyeji badala ya kujipikia garini, na asubuhi nunua mkate kwa mwokaji ndani ya ukuta. Mji unaokupa maji na mahali pa kumwaga taka unastahili kupata riziki kwako. Aliye na saa mbili tu za mchana, ushauri wangu ni apite, arudi siku atakayoweza kulala.