Kisu cha Kukunja chenye Makali Yaliyonyooka

Wekeni daftari zenu karibu. Mwenye kisu cha kukunja mfukoni akitoe, akiweke mezani kikiwa kimefungwa. Asikifungue bado.

Katikati ya kiganja changu cha kushoto pana kovu. Nililipata nikiwa na umri wa miaka 11, siku niliyomshikia baba mdogo kondoo ili akate kwato. Mvua ilikuwa imenyesha majuma mengi, zizi limejaa tope, kwato zimekua mpaka zimejikunja. Baba mdogo alitumia kisu chenye ncha kali, kile kile alichochinjia mbuzi. Kondoo akarusha mguu. Ncha ikateleza juu ya kwato, ikaingia kiganjani mwangu. Sikumlaumu kondoo, wala baba mdogo. Kisu kile hakikuwa cha kazi ile.

Sasa fungueni visu vyenu polepole. Ile sehemu ya chuma inayokata huitwa bapa. Upande mmoja wa bapa ni makali, na upande wa pili, ulio mnene, ni mgongo. Mahali vinapokutana ni ncha. Tazama makali ya kisu chako. Je, yanapinda kwenda juu kuifuata ncha? Visu vingi vya kuchinjia viko hivyo. Lakini kiko kisu cha namna nyingine. Makali yake yamenyooka kama rula toka mwanzo hata mwisho, na mgongo ndio unaoteremka kuyafuata makali. Kwa hiyo ncha yake iko chini, tena ni butu kidogo. Waingereza huliita bapa hili mguu wa kondoo. Mabaharia walilipenda tangu zamani, kwa sababu mtu anayekata kamba huku chombo kinayumba hataki ncha ya kumchoma yeye au mwenzake.

Sisi hatuna bahari, lakini kondoo anayerusha mguu hayuko mbali na chombo kinachoyumba. Ukikata kwato, lifanye bapa lilale juu ya wayo. Makali yaliyonyooka hugusa mahali pote sawasawa, nawe unaondoa ganda jembamba, kisha jingine. Kata kutoka kisiginoni kuelekea mbele. Ukiona rangi ya waridi, acha papo hapo, maana damu i karibu. Myama mwenye kwato ndefu huchechemea, hafiki malishoni pamoja na wenzake, na tope likikaa ndani ya kwato huleta uozo.

Kisu hicho hicho chafaa kukata mizizi na majani ya vitunguu saumu, kazi wanayoijua vema watu wa Bashay. Weka kitunguu juu ya ubao, shusha makali yote kwa pamoja. Chafaa pia kukata uzi wa gunia la ngano au mahindi bila kutoboa gunia.

Lakini usikinunue kwa kuchunia ngozi. Kuchuna kunataka makali yaliyopinda, yanayoteleza kati ya ngozi na nyama. Ncha ya kisu kilichonyooka hukwama na kutoboa, na ngozi yenye matundu haina bei. Mwenye kazi zote mbili ni afadhali awe na visu viwili. Najua fedha ni tatizo. Basi anunue kwanza kisu cha kazi anayoifanya mara nyingi.

Tuseme uko mnadani Katesh au Haydom, na muuzaji ametandika visu vyake chini. Usianze na bei. Simamisha makali juu ya ubao ulio sawa, inama utazame mwanga. Mwanga ukipita katikati, makali yamepinda. Kisha shika bapa, litikise kulia na kushoto. Likicheza leo, baada ya mwezi litalegea kabisa. Funga kisu. Pitisha kidole gumba polepole juu ya mpini: ncha isiguse kidole, iwe imejificha yote ndani.

Jambo hili lisikilizeni sana. Visu vingi vya kukunja havina kufuli, vina springi tu. Ukichokonoa kwa ncha, au ukisukuma kwa mgongo, bapa hurudi na kukufungia vidole. Kata kwa makali, usichimbe.

Muuzaji mwingine atatoa sumaku akuonyeshe kwamba chuma ni kizuri. Mwambie asante. Chuma kisichoshika kutu upesi na chuma kinachoshika kutu, vyote viwili huweza kuvutwa na sumaku, basi sumaku haikuambii kitu. Wewe sasa unajua kusoma: tafuta maandishi kwenye bapa. Neno STAINLESS maana yake ni chuma kisichoshika kutu upesi. Kama hakuna neno hilo, kisu si lazima kiwe kibaya. Huenda kikanoleka kwa urahisi kuliko kile kingine, ila ukipanguse na kukipaka mafuta kidogo kila baada ya kazi.

Kunoa ndiko kunakonifanya nikipende kisu hiki. Makali yaliyopinda hutaka mkono uzunguke, na wengi huiharibu ncha. Haya yaliyonyooka hutaka kinoo bapa na maji tu. Inamisha kisu kidogo, sukuma moja kwa moja, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi. Ila kinoo kisiwe na shimo katikati, maana makali nayo yatapinda.

Mwalimu wa darasa sasa ataandika ubaoni: bapa, makali, mgongo, ncha, mpini, kinoo. Yaandikeni. Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu kuhusu kisu chake: makali yake yakoje, ncha yake iko wapi, na hukitumia kwa kazi gani. Fungeni visu kabla ya kushika kalamu.