Kupanga Pamoja Ufaransa
Mwanafunzi awasilipo Lyon au Toulouse, akakosa chumba katika mabweni ya CROUS, shirika la umma la huduma za wanafunzi, ambayo kodi yake ni nafuu na waombaji wake ni wengi, aghalabu hulazimika kushiriki nyumba na watu asiowajua hata kwa majina. Na hapo, kabla ya kupangiana zamu za jikoni, yampasa ausome mkataba kwa makini. Wapangaji wakitia saini mkataba mmoja wenye sharti la dhamana ya pamoja, mmoja wao akishindwa kulipa, mwenye nyumba ana haki ya kumdai yeyote miongoni mwao kodi yote. Na hata aliyehama, asipopatikana wa kushika nafasi yake, dhima yaweza kumwandama hadi miezi 6 baada ya muda wa ilani kwisha. Hili, kwa rai yangu, ndilo jambo zito kuliko yote, na yasikitisha kuwaona vijana wetu wakilipuuza. Siku ya kukabidhiwa funguo huandikwa hati ya hali ya nyumba: kila ufa na kila doa viandikwe, kwani amana hukatwa kwa mujibu wa hati hiyo. Mengineyo, kama kimya cha usiku na rafu za jokofu, hutengenea kwa mazungumzo ya mezani, ambapo ulimi wa mgeni nao huzoea Kifaransa.